Mheshimiwa Waziri, naomba mtu wa kukaa nyuma

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Wizara ya Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

Yah: Ombi la wahudumu wa dharura katika magari ya wagonjwa, kuanzia Kakese



  Naomba radhi kwa kukuandikia gazetini badala ya kupanda ngazi zinazostahili, yaani mtendaji wa kata, mganga mkuu wa manispaa, mganga mkuu wa mkoa, ndipo wewe. Ngazi hizo nazifahamu na naziheshimu. Nimeandika hadharani kwa sababu ombi lenyewe si langu peke yangu, na ningependa wenzangu wa Kakese walisome kwa macho yao, ili waongeze nililosahau kabla halijatua mezani kwako.

Mimi ni binti wa wakulima wa mpunga wa kata ya Kakese, Manispaa ya Mpanda, na kwa sasa ni mwanafunzi wa huduma za dharura za kabla ya kufika hospitali. Kwa maneno ya nyumbani, nasomea kazi ya yule anayekaa nyuma ya gari la wagonjwa pamoja na mgonjwa. Chuo changu sitakitaja, wala vituo nilikofanyia mazoezi kwa vitendo, kwa kuwa sikupewa ruhusa ya kuvisemea. Isitoshe, niliyoyaona huko yanaweza kuonekana popote katika nchi yetu.

Kwa idhini yako, Mheshimiwa, nianze na shukrani. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012, ukimegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huohuo ilitukuta watu 564,604. Sensa ya 2022 ikatukuta tumevuka milioni 1.15. Kwa mkoa uliojaa watu kwa kasi namna hiyo, Serikali ingeweza kuelemewa ikanyamaza, lakini haikunyamaza. Tumepata hospitali ya rufaa ya mkoa, lami imetufikia kutoka Tabora, na fedha za mkopo wa Uviko-19, zile shilingi trilioni 1.3 zilizozinduliwa Oktoba 2021, zilijenga majengo ya dharura na vyumba vya uangalizi maalumu katika hospitali nyingi nchini. Nchi nzima, Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015/16 ulihesabu vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukahesabu 104. Nimekaa na wakunga usiku nikaona jinsi wanavyofanya kazi, kwa hiyo namba hiyo nikiisoma naziona nyuso zao. Naomba upokee shukrani zetu kwa niaba yao.

Nakushukuru pia kwa m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, wazazi na watoto wachanga. Mfumo ulianzia Sengerema na Shinyanga, kisha Aprili 2022 Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua Dodoma kwa ajili ya nchi nzima. Siku hizi hata bibi asiyejua kusoma ameikariri namba 115. Anapiga bure, anayepokea anamuuliza maswali kwa mpangilio, anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu, na likikosekana anampigia dereva wa kijijini aliyeandikishwa, ambaye malipo yake huingia kwenye simu. Aliyebuni jambo hili alielewa kwamba mama wa kijijini hufa akisubiri usafiri. Kwa sehemu kubwa, Mheshimiwa, tatizo la gari mmelishughulikia, na ndiyo maana napata ujasiri wa kukuomba jambo linalofuata.

Nakuomba mtu wa kukaa nyuma ya gari hilo.

Naomba nieleze tunachofundishwa, maana hata ndugu zangu walidhani nimekwenda kusomea udereva. Somo la kwanza halikuwa dawa, lilikuwa mpangilio. Unapomfikia mgonjwa unaanza na njia ya hewa, unakuja kwenye upumuaji, kisha mzunguko wa damu, kisha fahamu, na mwisho unamfunua na kumkagua mwili mzima huku ukimsitiri. Huruki hatua hata kama mguu umevunjika na mfupa umetoka nje na ndugu wote wanapiga kelele kuhusu mguu. Mguu unatisha, lakini anayekoroma kwa sababu ulimi umeziba koo atakufa kabla ya huo mguu kuwa na maana. Mpangilio huu ndio msingi wa kozi ya huduma za dharura ya Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, iliyotolewa mwaka 2018. Ni kozi ya siku tano. Kabla ya kutolewa ilijaribiwa Uganda, Zambia na hapahapa Tanzania, kwa hiyo si jambo geni tunaloletewa, sisi ni miongoni mwa waliosaidia kulipika.

Naomba univumilie nikuoneshe kitu kimoja kwa karibu, nacho ni ule mfuko wa mpira wa kupumulishia ambao sote tunauita ambu. Ukiutazama unadhani mtoto anaweza kuutumia. Unaubana, hewa inaingia. Mwanafunzi mpya huubana kwa nguvu zake zote na haraka haraka, akiamini kwamba hewa nyingi ndiyo uhai mwingi. Hewa inayozidi huingia tumboni, tumbo linajaa, mgonjwa anatapika, na matapishi yanashuka kwenye mapafu yaleyale uliyotaka kuyaokoa. Mkufunzi wetu hakuturuhusu kutazama mikono yetu. Alitaka macho yabaki kwenye kifua cha mdoli, na kifua kikiinuka kidogo tu, uache. Kwa mtu mzima ni pumzi moja kila sekunde tano au sita. Mkono mwingine unakandamiza barakoa usoni kwa kidole gumba na cha shahada, huku vidole vitatu vilivyobaki vimekamata mfupa wa taya vikiuvuta juu, bila kugusa nyama laini ya chini ya kidevu. Vidole hivyo vitatu huuma. Vinauma hadi usiku ukiwa umelala. Siku vilipoacha kuniuma ndipo mkufunzi akaniambia sasa panda kwenye gari ufanye hivyohivyo likiwa linatembea.

Ndani ya gari linalotembea, kila ulichokijua kinaanza upya. Kukandamiza kifua kunataka kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na ndani ya dakika mbili mabega ya mtu mwenye nguvu zake yanalegea, anaanza kubonyeza juujuu bila kujua. Gari likiingia shimoni unaruka wewe na mgonjwa. Unajifunza kupiga goti moja, kujiegemeza ubavuni, kumwambia dereva apunguze mwendo wakati kila mtu anamtaka aongeze. Hakuna hata moja kati ya haya linalodai mtu awe daktari. Linadai mtu aliyefanya, akasahihishwa, akarudia mpaka mwili ukazoea.

Sasa nisimulie usiku mmoja wa mazoezi yangu, bila kumlaumu yeyote, kwa sababu nilivyoona mimi kila mtu pale alitenda wajibu wake. Gari liliingia na mama aliyekuwa amejifungua saa chache kabla na damu haikukoma. Nyuma alikuwa na mama mkwe wake na jirani. Muuguzi wa kule walikotoka alikuwa peke yake zamu ile na alikuwa na wengine wenye uchungu, angeondoka angewaacha na nani? Aliweka dripu, akaandika karatasi ya rufaa kwa mwandiko mzuri, akampa mama mkwe chupa aishike juu. Dereva aliendesha kwa busara, akafika. Tulipofungua mlango tukamkuta yule mama mkwe amesimama nusu, kichwa kimegusa paa, mkono ameunyoosha na chupa iko juu vilevile alivyoagizwa. Mkono ulikuwa umekufa ganzi, hakuweza kuushusha mwenyewe. Ilibidi nimshike kiwiko tuushushe pamoja. Dripu ilikuwa imeacha kudondoka muda mrefu, mpira ulikuwa umejikunja chini ya machela. Hakuna aliyewahi kumwonesha tone, kwa hiyo hakujua alipaswa kulitazama.

Mkunga wa zamu aliweka mkono wake juu ya tumbo la yule mama, chini ya kitovu, akaanza kuukanda mfuko wa uzazi, na ukakaza. Dawa ya oksitosini ikafuata, na mengine yakafuata. Yule mama alipona, mtoto wake pia. Lakini mimi nilibaki nikiutazama ule mkono wa mkunga. Kukanda tumbo kwa mkono mmoja ni jambo ambalo lingeweza kufanyika njia nzima. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukaonesha kwamba damu ya baada ya kujifungua ikipimwa mapema na hatua zote zikichukuliwa kwa pamoja, madhara makubwa hupungua kwa asilimia 60. Neno lililobeba uzito hapo ni mapema. Kwa mama wa Kakese au wa Mishamo, mkoani kwetu, mapema ni akiwa bado njiani.

Mheshimiwa, jambo hili lina uzito wa pekee kwetu kwa sababu ya umbali. Rufaa zetu kubwa huenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mpanda. Mgonjwa wa kichwa kilichopasuka hupitia Sumbawanga, hupitia Tunduma, na kwa saa zote hizo kitanda chake kiko ndani ya gari. Gari hilo ndilo wodi yake. Anahitaji mtu wa kutazama kama oksijeni bado ipo kwenye mtungi, kama kola ya shingo haijambana koo, kama mboni ya jicho moja imeanza kuwa kubwa kuliko ya pili. Mara nyingi anayepanda naye ni muuguzi aliyetolewa wodini, na wodi inabaki na pengo hadi atakaporudi, pengine kesho yake. Hivyo tunamsindikiza mgonjwa mmoja kwa kuwapunguzia wengine ulinzi. Wauguzi wetu hawalalamiki sana, lakini naomba ujue kwamba wanachoka.

Nije nyumbani Kakese. Ukifika msimu wa mvua utakuta majaruba yamejaa maji, watu wako shambani tangu alfajiri, wengine wamehamia kwenye vibanda vya shambani hadi mpunga ukomae. Hatari zetu zinatokana na kazi zetu. Kuna pawatila zinazopinduka kwenye matuta, mashine za kukoboa zenye mikanda isiyo na kinga, toyo zilizopakia magunia na watu juu ya magunia. Kuna degedege za watoto wenye malaria kali. Kuna bodaboda, na majeruhi wa bodaboda akipelekwa hospitali hupelekwa na bodaboda nyingine, mshikaki, amebanwa katikati ya dereva na ndugu yake, kichwa kinayumba huku na huku. Tunafundishwa kwamba shingo ya mtu wa ajali ishikwe hadi ithibitishwe iko salama. Nilipofundishwa hilo nilikaa kimya darasani, kwa sababu niliwakumbuka watu ninaowafahamu kwa majina.

Kuna nyoka pia. Mtu akiumwa kwenye jaruba, kinachofanywa na wengi ni kufunga kamba juu ya jeraha na kuikaza hadi mguu unageuka rangi, kuchanja, kuweka jiwe la nyoka, ndipo safari ianze. Wanafanya hivyo kwa upendo na kwa ujuzi waliorithi. Darasani tumeelekezwa tofauti. Mguu ufungwe gango usitikisike, pete na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe, mgonjwa asitembee hata hatua moja, asafirishwe upesi mahali penye dawa. Elimu hii inatosha kwenye alasiri moja chini ya mwembe. Inahitaji tu mtu wa kuifundisha anayeaminiwa na wazee, azungumze nao kwa adabu, bila kuwacheka.

Hatari hizo zote ndizo zinazonileta kwenye ombi langu la pili, ambalo kwa kweli ni tawi la lile la kwanza. Namba 115 inamfahamu mjamzito, mzazi aliyejifungua karibuni na mtoto mchanga. Haimfahamu baba aliyenaswa na mkanda wa mashine ya kukoboa, wala kijana aliyeanguka na pikipiki, wala mtoto wa miaka mitatu mwenye degedege. Polisi wana 112, Zimamoto wana 114, na mwananchi mwenye mgonjwa wa aina nyingine hana hakika ampigie nani. Wahudumu wa kupokea simu wapo, madereva wa vijijini wapo, njia ya kuwalipa ipo. Naomba kwa heshima zote kwamba mlango huo uliofunguliwa kwa akina mama ufunguliwe hatua kwa hatua kwa dharura zote, hata kama ni kwa mkoa mmoja wa majaribio kwanza. Ukiutafuta mkoa huo, Katavi tupo. Rwanda walianzisha huduma yao ya SAMU mwaka 2007, na leo namba 912 inapokea ajali, uzazi na magonjwa mengine yote. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Majirani wameanza, na sisi tuna vipande vingi ambavyo wao hawakuwa navyo walipoanza.

Niseme pia kuhusu PF3. Huku kwetu watu wengi wanaamini kwamba majeruhi hawezi kuguswa na mganga kabla fomu ya polisi haijapatikana. Kwa sababu ya imani hiyo, pikipiki iliyobeba mtu anayevuja damu hupita kwanza kituo cha polisi, na dakika zinazopotea hapo hazirudi. Naomba, pamoja na Mheshimiwa Waziri mwenzako wa Mambo ya Ndani, mtoe bango moja kwa Kiswahili chepesi, libandikwe kwenye kila zahanati na kila kijiwe cha bodaboda, likisema mtu atibiwe kwanza na fomu ifuatwe baadaye. Pia liseme kwamba aliyemleta majeruhi hatageuzwa mtuhumiwa kwa sababu ya kumleta. Vijana wengi hupita bila kusimama kwa hofu hiyo tu.

Naomba sasa, Mheshimiwa, nikupeleke mbali kidogo, kwenye habari niliyoisikia darasani ambayo imenipa moyo kuliko nyingine zote. Katika mji wa Pittsburgh, Marekani, hadi miaka ya 1960 mgonjwa wa dharura alibebwa na gari la polisi au gari la kampuni ya mazishi, nyuma hakuna mtu wa kumhudumia. Katika mtaa wa Weusi uitwao Hill District hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1967 daktari wa usingizi, Peter Safar, mmoja wa waliotuachia mbinu ya kupumulisha na kukandamiza kifua, alishirikiana na taasisi ya mtaa huo, Freedom House, kuwachukua vijana wasio na ajira. Wengine hawakuwa wamemaliza sekondari. Aliwafundisha kwa miezi, darasani na hospitalini, kisha akawaweka nyuma ya magari. Vijana ambao mji ulikuwa umeshawakatia tamaa wakawa miongoni mwa wahudumu bora wa dharura nchini mwao, wakitoa huduma ambayo mitaa ya matajiri haikuwa nayo. Mwaka 1975 mji ukaanzisha huduma yake na Freedom House ikafungwa, jambo ambalo nalisikitikia hadi leo. Lakini daktari aliyekuwa akiwasimamia, Nancy Caroline, alitoka hapo na mtaala uliokuja kufundisha nchi nzima, na miaka ya baadaye alikuja Afrika Mashariki kufanya kazi na madaktari wa ndege wa AMREF. Huenda njia ya mafunzo yangu ilipita mikononi mwa vijana wale.

Ninapowatazama vijana wa kijiwe chetu cha bodaboda, nawaona walewale. Wanafahamu kila njia ya shambani, hata zile zinazopotea mvua ikinyesha. Wao ndio wanaofika kwanza. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi ndio waliofika kwanza kwa mitumbwi yao. Watu 19 walifariki, na waliookoka wanawakumbuka wavuvi. Nchi iliwapongeza, nami nawapongeza. Huko Mwanza, shirika la Tanzania Rural Health Movement limekuwa likiwafundisha waendesha bodaboda huduma ya kwanza ili atakayefika kwanza awe anajua la kufanya. Vijana wa Kakese wameniuliza mara nyingi kwa nini wasifundishwe wao. Sikuwa na sababu ya kuwapa, ndipo nikaahidi kukuandikia.

Nafahamu, Mheshimiwa, kwamba kila ombi lina kifungu chake cha bajeti, na kwamba mafunzo mengi hufanyika hotelini, watu wakapewa vyeti, wakarudi kazini na mikono ikasahau. Kwa hili nina habari njema kutoka kwa watu wetu wenyewe. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iliongoza kazi ya Safer Births katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano, ikiwemo Tabora jirani yetu na Shinyanga, Geita, Mwanza na Manyara. Msingi wake ulikuwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, hapohapo kazini, kwa kutumia midoli na vifaa rahisi. Matokeo yaliyochapishwa Februari 2025, yakihusu akina mama wapatao 300,000 na watoto wao, yalionesha vifo vya akina mama vimepungua kwa asilimia 75 na vya watoto katika saa 24 za kwanza kwa asilimia 40. Mdoli mmoja kwenye kona ya chumba, na mtu wa kuwaita wenzake kwa dakika chache kila wiki. Hicho ndicho ninachokiomba kwa Kakese, kwa wahudumu wa afya, kwa madereva wa magari ya wagonjwa na kwa madereva wa m-mama. Ambu ipatikane, mdoli upatikane, na mazoezi yawe sehemu ya kazi.

Lakini mazoezi hayo hayataondoa hitaji la mtu mwenye kazi hiyo kama kazi. Naomba, kwa unyenyekevu, kila gari la wagonjwa linalopelekwa halmashauri liende na nafasi za ajira za wahudumu wa dharura, zikiandikwa kwenye ikama kama inavyoandikwa nafasi ya dereva. Naelewa kwamba vituo vya halmashauri viko chini ya TAMISEMI, vibali vya ajira hutoka Utumishi, na mitaala ya vyuo huidhinishwa na NACTVET. Nimekuandikia wewe kwa sababu sera ya afya iko mikononi mwako, na neno lako likitangulia wengine watalisikia. Idara ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huohuo chuo kikuu cha MUHAS kikaanza kusomesha madaktari bingwa wa fani hiyo. Mabingwa tunao leo kwa sababu kuna mtu aliamua mapema. Sasa tunahitaji mikono ya kuwafikishia mgonjwa akiwa hai.

Nakuomba pia usitusahau wasichana. Takwimu za 2015/16 zilionesha Katavi ilikuwa ikiongoza kwa mimba za utotoni, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wakiwa wameshazaa au wana mimba. Wengi wa hao wanamhofia mhudumu mwanamume wasiyemfahamu. Wasichana wa huku wakipewa nafasi katika kozi hii, binti wa miaka 16 mwenye kifafa cha mimba atashikwa mkono njiani na mtu anayezungumza naye kama dada.

Nimalizie kwa kuomba radhi tena kwa urefu wa barua. Mimi baada ya kuhitimu niko tayari kupangiwa Kakese, na ninaliweka hilo kwa maandishi. Jibu la ombi hili, liwe la kukubali au la kutuomba tusubiri, kwa heshima naomba lipitie kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Katavi, na nakala ifike kwa mtendaji wa kata yetu. Atalibandika kwenye ubao wa matangazo. Kama litakuwa na tarehe ya mafunzo, tafadhali isiangukie Mei au Juni, wakati wa kuvuna, maana vijana wote wa kijiwe watakuwa wanasomba mpunga.

Wako mtiifu,

Mwanafunzi wa huduma za dharura,
Kakese, Mpanda,
Katavi.